Komeo la Shaba

Nguvumali,
Tanga.
24 Februari, 1957.

Mpendwa dada Yudith,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute mzima hapo Mwanza, wewe pamoja na shemeji Eliudi na mwanao Noa. Je, baridi ya ziwani imepungua? Na kile kifua chako kilichokusumbua wakati wa mvua kimepona, au bado unajifanya daktari kwa maji ya tangawizi? Mimi mwili haujambo. Mama naye hajambo, isipokuwa magoti yanamuuma na masikio yanazidi kuwa mazito. Lakini ukimsengenya hata ukiwa barabarani atakusikia.

Mke wa mchungaji alituletea habari kwamba unatarajia mtoto mwingine. Mama akachukua ufagio akafagia uwanja uliokwisha fagiliwa. Unamjua alivyo akifurahi. Tunakuombea ujifungue salama.

Hapa nyumbani mambo ni yale yale. Mwezi uliopita wezi waliingia wakachukua sufuria kubwa, jogoo na pampu ya baiskeli yangu. Hawakuvunja kitu, maana hakukuwa na cha kuvunja. Mlango wa uani haufungwi mpaka leo. Nilinunua kitasa kipya, mama akakiweka chini ya kitanda chake. Nilipomwuliza alinijibu kama ulivyozoea kumsikia: "Baba yako akija usiku atabisha vipi, na mimi sisikii?" Mzee Bakari jirani ananicheka, anasema kwetu wezi wanakaribishwa kama wageni.

Nimekuwa mpweke sana mwaka huu, dada. Sifichi hilo. Jumapili kama leo, tukitoka kanisani mama hulala, nami hukaa barazani nikisikiliza watu wa nyumba za pili wakigombana na kucheka, na hata ugomvi wao nautamani. Rafaeli, yule Mkatoliki tunayefanya naye kazi karakana, amepata kazi Moshi na ataondoka mwisho wa mwezi. Nitabaki na Harub tu, na Harub ana mke, ana lori, ana ukoo mzima kule Pangani. Mtu kama huyo ana saa chache za kugawia rafiki.

Sasa nikueleze jambo lililonifanya nikae na kalamu. Ni habari ya baba. Najua hulipendi jina lake. Nakuomba tu usiikunje karatasi hii hapa, uisome mpaka chini.

Kulikuwa na mhandisi mmoja Mgiriki aliyependa kuzamia baharini kutazama samaki. Alipokuwa akirudi kwao alimwachia Harub vyombo vyake: mitungi miwili ya hewa ya kubeba mgongoni, miwani ya kioo ya kufunika macho na pua, na mapezi ya mpira ya kuvaa miguuni. Hewa unaivuta kwa mdomo kupitia mpira. Rafaeli alikwisha jifunza namna ya kuijaza ile mitungi kwa mashine. Tulijaribu kwanza baharini, karibu na ufuko, ambapo hata mtoto angesimama. Mama yake Harub, Bi Muzna, alikuja kutuangalia akiwa amejitanda buibui lake, akasema hajapata kuona watu wazima wakilipa kisirani kiwatafute.

Harub ndiye aliyesema twende mtoni Pangani. Alitaka shaba. Alisema meli zilizozama baharini zimeliwa na chumvi na kuvaa makome, lakini kule juu ya mto, maji ya bahari yasikofika, chuma hukaa miaka. Akazitaja zile mbili zilizozama pale gatini kwenye shamba la mkonge, boti ya moshi na tishari lake la kubebea mizigo. Alizitaja hivi hivi, hakujua. Rafaeli alinitazama, kwa maana yeye anajua. Nikasema nami nitakwenda.

Dada, nitayarudia unayoyajua. Baba alikuwa mchochea moto wa boti ile. Siku ya masika ilipozama ilikuwa imetoka gatini muda huo huo, imejaa marobota ya mkonge, na ukingo ulikuwa karibu hivi kwamba watu wote walitoka na kanga za wake zao hazikulowa machozi. Baba peke yake hakuonekana. Nahodha akaapa mbele ya wazee kwamba baba, Asheri, alikuwa wa kwanza kupanda sitahani na kuruka, na kwamba alimwona kwa macho yake akiogelea kwenda ng'ambo. Maiti haikupatikana. Kisha akatokea mtu akasema amemwona kijijini Mkwaja akibeba chumvi, na ana mke. Basi hatukukaa matanga, hatukuimba wimbo wa maziko, na mama akawa si mjane wala si mke. Akaacha mlango wazi. Wewe ukaufunga moyo. Ulipoolewa ulimkataza mama asimwekee baba kiti, na Noa alipozaliwa ukakataa kumpa jina la babu yake kama ilivyo desturi yetu. Sikukulaumu. Mimi nilikuwa mdogo, sikujua niwe upande wa nani.

Tuliondoka na lori la Harub limejaa boriti za mikoko. Tulipitia Muheza tukanunua machungwa, Rafaeli akaimba njia nzima kwa sauti yake mbaya. Ningekuwa mwongo nikisema sikufurahi. Kwa muda nilisahau kilichonipeleka.

Gati imeoza, lakini wanawake wa pale bado wanateka maji ndani ya uzio wa miti, kwa ajili ya mamba. Zile boriti zilikuwa za kazi hiyo. Tulisaidiana na wanaume wa kijijini tukausogeza uzio mbele mpaka ukazizunguka meli zote mbili, na watu wakakaa juu ya mitumbwi wakipiga madebe. Mmoja alituuliza kama Tanga hakuna kazi nyingine.

Mitungi ni miwili, kwa hiyo wawili huzama na mmoja hubaki ukingoni ameshika kamba. Tulikubaliana mvuto mmoja maana yake niko salama, miwili nivute. Rafaeli alishika kamba yangu. Tulianza na tishari. Maji yalikuwa na rangi ya chai kavu, mkono ukiunyosha hukioni kiganja. Harub alikuwa na tochi aliyoifunga ndani ya mpira wa baiskeli. Tulipapasa ubavu wa tishari, kambare wakatupita miguuni, na ndani marobota yote yamekuwa matope yenye nyuzi. Tulipotoka tulicheka kama wehu. Harub alikuwa amejigonga kichwa na kulaumu serikali.

Kisha tukaenda kwenye boti.

Chini ya maji, dada, hakuna sauti ila pumzi yako. Unajisikia ukivuta, ukitoa, ukivuta. Nimezoea kuwa peke yangu, lakini sikuwahi kuwa peke yangu namna ile, na Harub yuko karibu nami hivi kwamba mguu wake unanigusa. Tulishuka tukafuata dohani iliyolala, tukafika sitahani. Nilikuwa nikienda kwa mikono. Nikapata mahali chuma kilipoinuka kidogo, cha mraba. Nikajua ni mfuniko wa chumba cha moto.

Unakumbuka baba alivyokuwa akilalamika akila? Kwamba marobota yakipangwa sitahani, nahodha humfungia chini kama kuku, kwa sababu cheche moja tu ikitoka na mchochea moto, mkonge wote unawaka. Alikuwa akituonyesha kwa kijiko: mfuniko unashuka hivi, komeo linapita hivi, na mimi nabaki na shetani wangu. Wewe ulikuwa ukicheka, mimi nilikuwa naogopa. Na siku ile nahodha aliapa kwamba komeo alilifungua yeye mwenyewe.

Niliyapapasa matope nikayatoa kwa vidole. Komeo ni la shaba, halikuliwa na kutu. Lilikuwa limefungwa. Limepita mpaka mwisho ndani ya pete yake.

Nikamshika Harub mkono nikauweka pale. Akaleta tochi. Tukaliona sote wawili. Yeye hakuelewa, aliona shaba nzuri, akaanza kulitikisa alitoe. Nikamsukuma. Nilimsukuma kwa nguvu, mtu ambaye hajanikosea kitu. Katika purukushani ile kamba ikavutika, Rafaeli akadhani ni mivuto miwili, akanipandisha juu kama perege.

Nilitoa mpira mdomoni. Rafaeli ndiye aliyeniuliza, na alipouliza aliniita kwa jina lote, Fanueli Asheri, kama mwalimu anapoita daftari. Nikamwambia: "Lilikuwa limefungwa." Akamweleza Harub. Harub alikaa chini kwenye matope na mapezi yake miguuni, akasema, "Ndugu yangu, na mimi nilitaka kuling'oa nikauze." Wale wa mitumbwi wakaacha kupiga madebe, maana waliona mambo yamebadilika.

Nikasema nataka kurudi. Harub akasema hewa iliyobaki ni kidogo. Nikasema inatosha. Akanivalisha mtungi wake mwenyewe, uliokuwa na hewa zaidi kuliko wangu, na safari hii nilishuka peke yangu.

Nilichofanya ni kidogo. Nilishika komeo kwa mikono miwili, nikavuta. Lilikataa, kisha likaja. Nililirudisha nyuma mpaka mwisho. Mfuniko sikuufunua, dada. Sikuwa na moyo huo, na aliyemo si mtu wa kuonwa kwa tochi ya mpira wa baiskeli. Niliweka tu kiganja juu ya chuma, nikasema Baba Yetu kichwani mpaka hewa ikawa nzito kuvuta. Huko juu, baadaye niliambiwa, Harub alikuwa akisoma Fatiha na Rafaeli akifanya ishara ya msalaba kwa mkono mmoja, wa pili umeshika kamba. Hakuna aliyechukua shaba. Tulirudi Tanga bila wimbo, machungwa yakibingirika nyuma ya lori.

Kwa hiyo baba hakutukimbia. Hana mke Mkwaja, hakubeba chumvi ya mtu. Tangu siku ile yuko pale pale alipokuwa akifanya kazi. Nahodha alikwisha kufa, sina wa kumwuliza, na hata hasira yangu haina pa kwenda. Nimekuandikia ili wewe uiweke chini hasira yako, maana umeibeba muda mrefu na haikuwa haki yake.

Nilipoingia nyumbani mama alinusa nguo zangu. "Umetoka mtoni," akasema. Nikakubali. Akaendelea kuchambua mchele, kisha akaniuliza jambo moja tu, kama tulikutana na mtu yeyote wa kutoka Mkwaja. Nikamwambia hatukukutana na mtu.

Sijamwambia. Kila siku nakaa naye tukila, na neno lile nalimeza pamoja na tonge. Nikinyamaza, namdanganya. Nikisema, namwua mtu ambaye kwake yeye yu hai, hata kama ni kwa mke mwingine. Yeye ameyavumilia hayo yote kwa sababu mtu aliye Mkwaja anaweza kurudi. Siwezi kulifanya peke yangu, Yudith. Nimejaribu, naona siwezi. Njoo kwa Pasaka kama hali yako inaruhusu. Tumwambie pamoja, umshike mkono mmoja nami mwingine. Kisha twende na mchungaji mpaka gatini, tumwimbie baba wimbo wake, tukae matanga yaliyochelewa. Na jioni ile mmoja wetu atalazimika kuinuka akafunge mlango wa uani. Sitaki niwe mimi.

Msalimie sana shemeji Eliudi, mwambie asione nimemnyang'anya mke, ni wiki mbili tu. Msalimie Noa, mwambie mjomba atamtengenezea gari la waya lenye usukani. Rafaeli na Harub wanakusalimu, na Bi Muzna anakuombea dua. Huyo aliye njiani, akiwa mvulana, jina lake lipo, na sasa unaweza kuliita bila kuinamisha uso.

Bwana awalinde nyote hapo kando ya maji yenu, akufikishe kwetu salama.

Mama amenikuta nikiandika. Nimemwambia nakuomba uje. Amesema nikuandikie kwamba ukishuka kwenye treni usiku usihangaike kubisha, usukume tu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye sana,
Fanueli