Gadi wa Treni ya Upepo

Jumamosi, 3 Agosti 1996

Nimempigia Yonis simu leo. Bado yuko palepale kwenye kibanda cha vyombo vya maji, hoteli ileile ya Diani nilikofanya kazi miaka saba nikifundisha Wajerumani kusimama juu ya ubao wenye tanga. Walikuwa wakianguka, nami nawacheka kwa Kijerumani, tena cha adabu. Hoteli iliponipunguza mwaka juzi nilirudi Makongeni na mbao sita mbovu walizotaka kutupa. Leo hakuna hata moja mbovu. Nimeziziba kwa mikono hii. Matanga nimeyashona kwa cherehani ninayoshonea maturubai ya malori. Niambie ni nani mwingine Nairobi hii anaweza hiyo.

Nikamwambia Yonis: tarehe ishirini na nne tunakuja. Watu sita wa Eastlands. Tunaingia maji kule Galu, upepo wa kusi unatusukuma mgongoni, tunatokea mbele ya hoteli yenu. Akacheka hadi akakohoa. Eti huku Nairobi nimemfundisha nani, mbuzi wa soko la Kiamaiko?

Nikamwambia akae ufuoni na wenzake wote, wapishi, askari wa geti, hata yule meneja. Tanga la kwanza watakaloliona ni la njano. Chini yake ni mimi, Nzuki.

Basi. Nimesema.

Jumapili, 4 Agosti

Mkutano wa kwanza, uani kwetu, baada ya kanisa. Baridi ya kukata masikio. Nimechora pwani yote kwa chaki kwenye saruji: ufuo huku, mwamba kule nje, katikati maji yetu. Halafu nikaweka kifuniko cha sufuria pale kwenye mlango wa mwamba, mahali maji yanapovuta kwenda bahari kuu. Hapo si pa mchezo. Yonis amekubali kusimama hapo na boti ya injini. Anacheka, lakini ni mtu.

Walikuja wote, wanafunzi wangu wa bwawani. Wangeci, karani wa posta, huyo haongei sana lakini ubao unamtii. Irungu na mkewe Mutheu, wauza mitumba. Owen fundi wa redio, kijana wa mbio, leo kaja na picha ya gazeti ya mtu anavutwa majini na kishada kikubwa kama paa la kanisa. Anataka nimshonee. Nimemwambia kwanza ajifunze kusimama vizuri, kuruka tutazungumza. Na Obura, mpishi wa kantini, mtu mkubwa, mpole, amejua kuogelea mwaka jana tu. Munyoki hatapanda ubao. Atatufuata barabarani na lori lake.

Nilipokuwa naeleza jinsi nitakavyowaongoza mbele, Baba akaita kutoka kwenye kiti chake. Baba alikuwa gadi wa treni ya Mombasa, mtu wa behewa la mwisho, miaka thelathini na mmoja. Akauliza:

"Hiyo treni yako ina injini. Gadi ni nani?"

Nikasema haina haja ya gadi, ni maji. Akasema hata reli ilikuwa maji siku ya mvua.

Akatueleza. Treni ikipita stesheni, stesheni masta haangalii injini. Anangoja behewa la mwisho, aone taa nyekundu ya nyuma. Akiiona, anajua treni imepita nzima, hakuna behewa lililokatika njiani. Asipoiona, hakuna treni nyingine inayoruhusiwa kuingia sehemu ile.

Mzee ametupa mpango mzima kabla chai haijapoa. Tukakubaliana: mmoja mbele, hapitwi. Mmoja nyuma na kizibao chekundu, habaki mtu nyuma yake. Stesheni tatu ufuoni, mahali lori linaweza kufika. Hakuna kuondoka stesheni kabla kizibao chekundu hakijaingia.

Injini ni mimi, bila shaka. Owen akajitolea kuwa gadi. Kizibao kinampendeza, alisema.

Mke wangu Kavinya ameniomba nisiseme matanga sita kwa sauti. Majirani watakuja na sukari na majani ya chai.

Jumamosi, 10 Agosti

Bwawani. Leo sitaki kuandika lakini nitaandika.

Tulifanya mazoezi ya treni kwenye lile bwawa letu upande wa Lang'ata, kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Upepo mzuri. Mimi mbele na tanga la njano, kama mfalme. Nikafika, nikageuka, naona wanakuja. Halafu kizibao chekundu kikaingia. Nikapiga makofi. Nikasema treni imefika nzima. Tukaanza kukunja vitu. Mutheu akafungua chupa ya chai.

Ni Munyoki aliyeuliza, mkono kwenye mlango wa lori: "Kaka, hizi chapati za nani?"

Zilikuwa za Obura.

Tulimkuta kwenye magugu maji upande wa pili, amelala juu ya ubao, tanga chini, amejifunga magugu mikononi kama kamba. Alikuwa ameita mpaka sauti ikaisha. Midomo rangi ya bluu. Dakika ishirini na tano. Tulikuwa tunakunywa chai.

Owen alimpita. Alisema upepo ulikuwa mtamu, akadhani Obura yuko mbele kwa vile yeye mwenyewe ni gadi, na gadi yuko nyuma. Nikataka kumpiga. Halafu nikakumbuka ni nani aliyepiga makofi.

Tuliamini taa. Hatukuhesabu watu.

Jumapili, 11 Agosti

Obura ametuma neno kwamba haendi. Irungu anasema twende watano, mambo ni yaleyale. Nimemjibu vibaya, nitamwomba msamaha.

Nimemweleza Baba. Nilidhani atasema Owen ni mjinga. Akaniuliza nimempa Owen kazi ile kwa sababu gani. Nikasema alijitolea. Baba akamaliza mkate wake.

"Gadi hachaguliwi kwa kujitolea," akasema. "Sisi tulikuwa tunampa yule ambaye hana haraka ya kufika."

Nikamwuliza, na injini? Akasema injini ni kazi ya kuona mbele, mtu mwenye macho anatosha. Nyuma anawekwa anayejua kazi zote, kwa sababu kila kitu kikiharibika kinaharibikia kwake.

Mtu anayejua kazi zote katika kikundi hiki ni mmoja. Sisemi kwa kujisifu, ni hesabu tu. Nami ndiye nimewaambia watu wa Diani waangalie tanga la kwanza.

Jumatano, 14 Agosti

Nimeenda kwa kina Obura na kilo mbili za nyama. Mama yake alifungua mlango, akachukua nyama, hakunikaribisha kukaa.

Nikamweleza mpango mpya. Kila stesheni majina yanaitwa, na kila mtu anajibu kwa mdomo wake mwenyewe. Hatuhesabu matanga, wala vizibao. Kila mtu jaketi la kuelea na filimbi. Ukianguka usiuache ubao wako hata ukikuudhi vipi. Mikono miwili juu ya kichwa ni kuomba msaada. Tukiona maji meupe mengi nje ya mwamba asubuhi ile, haingii mtu, tunakula chapati tunarudi. Na tunatoka saa nne maji yakiwa yanajaa, ili tusipasuke miguu kwenye mawe.

Mama alisikiliza kama hakimu. Kisha akasema:

"Hayo yote nimeyasikia, baba. Nyuma ya mtoto wangu atakuwa nani?"

Obura alikuwa amesimama jikoni na mwiko. Huyo mtoto anayesemwa ana miaka thelathini na sita na kilo mia moja.

Nikasema, "Mimi, mama."

Limetoka lenyewe. Nilishuka ngazi nikilifikiria lile tanga la njano. Lakini nikawaza, ni gadi gani Kenya hii ameshona matanga yote ya treni yake? Hakuna. Nikatembea vizuri kutoka hapo.

Jumapili, 18 Agosti

Mkutano. Nimempa Wangeci tanga la njano.

Aliuliza mara mbili kama nina homa. Nikamwambia yeye ndiye injini, ana macho na hana kelele. Akasema kwa kelele ningemshinda hata usingizini. Wote wakacheka, nami nikacheka zaidi yao.

Mpangilio: Wangeci, Irungu, Mutheu, Owen, Obura, mimi. Owen aliomba apewe adhabu yoyote. Nikamwambia adhabu yake ni kuitwa jina kila stesheni na kujibu "niko" kama mtoto wa nasari. Alijaribu, akaona haya. Obura ndiye aliyecheka sana, na hapo nikajua anaenda.

Halafu Baba akatoka ndani na kitu kwenye karatasi ya gazeti. Filimbi yake ya kazi. Na akasema gadi hubeba kitabu. Anaandika kila stesheni na saa yake, hapohapo, si jioni akishasahau. Kwa hivyo shajara hii inaenda baharini, ndani ya mifuko miwili ya nailoni na penseli.

Sijamwambia Yonis kuhusu tanga la njano. Simu ilikuwa na foleni. Si kweli, haikuwa na foleni.

Ijumaa, 23 Agosti

Diani. Lori lilifika salama. Nilimwonyesha kila mtu mwamba na mlango wake kwa macho, si kwa chaki. Mutheu alishika mkono wa mumewe. Yonis alikuja kutusalimia na wenzake saba. Wanasema meneja naye atashuka kesho. Wamepanga viti.

"Wewe ndiye wa kwanza, sivyo?" Yonis aliniuliza.

Nikasema tanga la njano ndilo la kwanza. Sikudanganya.

Jumamosi, 24 Agosti

Galu. Saa nne na dakika tano. Maji meupe machache tu. Majina sita, majibu sita. Tumetoka.

Stesheni ya kwanza. Saa nne na dakika arobaini. Sita. Owen alisema "niko" hadi watalii wakageuka. Wanapendeza hawa watu, Mungu wangu. Kutoka nyuma unawaona wote kwenye mstari, matanga niliyoyashona, kila mshono naujua. Wa mbele hayaoni haya.

Saa tano na dakika kumi. Si stesheni. Kiungo cha mpira kinachoshika mlingoti wa Obura kimekatika. Hakuuacha ubao. Akaweka mikono juu ya kichwa kama tulivyosema, sawasawa kabisa. Nimemvuta hadi ufuoni. Nafunga kwa mpira wa tairi na kamba. Vidole vimeganda, mwandiko mbaya.

Saa tano na dakika ishirini na tano. Yonis amekuja na boti. Mlango tumeshaupita, kwa hivyo alikuwa na nafasi. Ameangalia kizibao changu chekundu, ameangalia njano kule mbele, ameelewa. Hakucheka. Amesema kwa sauti ya chini, "Nzuki, viti vyote vimejaa. Huyu nitamvuta mimi na boti. Wewe kimbia, chukua tanga lako kwa yule dada, bado utaingia wa kwanza."

Obura amesikia. Amesema, "Nenda, ndugu yangu. Mimi niko sawa." Alikuwa ameshika kamba kwa meno.

Nimemwambia Yonis arudi awaambie wageuze macho. Waache wa kwanza. Wamtazame wa mwisho.

Ameuliza tena kama nina hakika. Nafunga fundo.

Saa tano na dakika thelathini na mbili. Stesheni ya pili inaonekana kutoka hapa. Njano imelazwa mchangani. Wangeci amesimama amenyoosha mkono juu, vidole vinne, ananionyesha mimi: wote wanne wameingia. Nyuma yake kusi inavuma vizuri, na hakuna hata mmoja aliyeshika tanga.

Obura anainua lake. Nafunga kitabu, namfuata nyuma.