Kifungu Nilichowaandikia Wenye Ajansi

Kalemie, Jumamosi alasiri, Novemba 1956

Mvua imenyesha tangu asubuhi, sasa imekatika na jua linachoma. Nimejifungia chumbani. Nimemwambia mke wangu kichwa kinaniuma. Kichwa hakiniumi.

Nina aibu.

Miezi michache iliyopita wenye ajansi za transiti, hawa wanaopitisha mizigo ya watu forodhani, waliitisha mkutano wa chama chao. Mimi ni karani wa mmoja wao, na karatasi zote za chama huzipiga mimi kwa mashine. Walilalamika kwamba meli ya Kigoma ikifika, kila mtu bandarini anajifanya mjuzi wa forodha. Mwenyekiti akanigeukia, akaniuliza mimi ninaonaje. Mzungu hakuwahi kuniuliza hivyo. Ningesema sijui, ingekwisha. Lakini kichwa kilinivimba. Nikashauri asikubaliwe mtu kupeleka makaratasi forodhani ila awe na biro yake, yaani ofisi yenye kibao mlangoni, tena adhaminiwe na wanachama wawili wa chama. Wakasema ni neno la akili, nikaliandika liwe kifungu, kwa Kifaransa changu kizuri, kikapelekwa forodhani.

Niliwawazia matapeli tu, wale wanaowadanganya akina mama wa vitenge. Papa Ramazani hakunijia akilini.

Uongo. Alinijia, nikamsukuma pembeni.

Papa Ramazani hana biro. Ana meza ndogo kwenye baraza ya ghala, na miaka yote amewapitishia mizigo wale watu wadogo ambao zamani ajansi hazikuwa na haja nao. Nilipotoka shule ya mapadri sijui karatasi ipi inatangulia ipi, ni yeye aliyeniketisha pale akanifundisha kazi hii inayonilisha.

Juzi forodha ilikubali ombi la chama. Jana wakamrudisha Papa Ramazani mlangoni na karatasi zake mkononi. Mzigo aliokuwa nao ukaletwa kwetu, na fomu zake nikazijaza mimi.

Leo asubuhi alikuja hapa nyumbani katikati ya mvua, kanzu imelowa mpaka magotini. Alisema hajui kazi nyingine, na kwa umri wake hawezi kuanza kulima wala kuvuta nyavu. Hakumlaumu mtu. Nilitamani anitukane, lakini atanitukanaje na hajui?

"Mwanangu," alisema, "uniandikie barua kwa wale wakubwa wa chama. Wewe njo unajua namna wanapenda kusikia."

"Ndiyo, Papa," nikamjibu. "Nitaandika."

Nikaandika ukurasa mzima, nikiwasihi wamwachie meza yake, na kwamba kifungu ni changu sikumwambia. Alipomaliza kuisoma alinishika mikono yote miwili akaniombea dua. Wanafiki wapo wengi mji huu, lakini sidhani yupo mwenye mwandiko safi kunishinda.

Jumatatu barua hiyo itafika mezani kwangu. Jibu ninalijua: atafute wanachama wawili wa kumdhamini. Hatawapata, kwa sababu kila mmoja wao sasa anaitaka mizigo yake. Jibu hilo nitalipiga mimi. Na desturi ya chama ni kwamba anayekataliwa hupewa pia nakala ya kumbukumbu za mkutano uliopitisha kifungu, ili asiseme ameonewa. Humo imeandikwa ni nani aliyekitoa. Jina langu lipo, lote, na la ubatizo. Hakuna aliyeniagiza niliweke. Nililiweka mwenyewe, nikalipigia mstari, kwa sababu nilitaka siku moja mtu alione.

Nimewaza hata kuipiga upya nakala hiyo nilitoe jina langu. Huko ndiko nilikofikia.

Papa Ramazani akipewa karatasi haruki hata mstari mmoja. Ndivyo alivyonifundisha na mimi.

Nina Jumapili moja tu ya kumwambia kwa mdomo wangu. Nitakwenda, au nitamwacha asome?