Tetsuji Uliyejifunza Kuanguka

Mwaka umetimia, Baba Minori, tangu moyo wako usimame ukiwa unavaa viatu mlangoni. Mimi nilikuwa jikoni nakuambia theluji imeziba njia. Niliendelea kuongea nawe, nadhani dakika nzima.

Watu wakituuliza hali, tunasema nzuri. Tunakula, tunafua, tunazoa theluji.

Uliondoka kwenu Goshogawara na miaka kumi na mitano kwenda Tokyo kucheza sumo. Miaka kumi na sita ulipikia wakubwa zako, ukasukumana, ukaitwa Iwakinami, jina lako la ulingoni. Goti lilipokataa, walikukata kishungi cha nywele mbele ya watu, kama mcheza sumo anavyoagwa, na ndipo nilipokuona ukilia kwa mara ya kwanza. Baada ya hapo ulikaa nyumbani miezi minane, hutaki hata redio. Siku moja ukiwa unamenya figili ukasema, “Chizuru, nimeomba kazi Sendai. Mieleka, ile ya ulingo wenye kamba.”

“Na goti je?”

“Wanalijua. Wamesema kwanza nijifunze kuanguka.”

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Tangu utotoni ulijua kwamba katika sumo ukigusa chini umeshindwa. Sasa una miaka thelathini na miwili, mwanafunzi kati ya vijana, na mwalimu wako Shiraki ni mdogo kwako kwa miaka saba.

“Mzee, unaanguka kama kabati,” alikuambia.

“Basi nisukume tena, kabati halichoki.”

Ulirudi mgongo umevilia damu, nikakuchua. Hukumsema Shiraki vibaya hata siku moja.

Mama yako ndiye aliyekasirika. “Umevaa chupi ya kumeremeta, unaangushwa ili watu wacheke,” alikuambia kwenye simu. Ulijibu, “Ndiyo, Mama,” na kila mwezi ukaendelea kumpelekea ulimi wa ng'ombe anaoupenda. Miaka mitatu hakuja kukutazama.

Kisha mkaenda kupigana Goshogawara, katika ukumbi wa michezo wa shule. Mama alikuja, akakaa nyuma na koti lake mwilini. Shiraki alikuinua, kilo zako mia na hamsini, akakubwaga. Ulikuwa bado umelala pale Mama aliposimama.

“Tetsuji, inuka.”

Ukamjibu macho yakiwa yamefumba, “Bado, Mama. Zamu yangu haijafika.”

Watu walicheka. Naye alicheka, kaziba mdomo. Mlipomaliza alikupapasa mgongo na kukuuliza, “Wanakutunza huko?” Ukasema wanakutunza. Tangu siku hiyo hakukosa pambano lako lolote la karibu na kwao.

Minori ana miaka kumi sasa. Ameanza sumo shuleni, wala hakuna aliyemshauri. Wiki iliyopita aliingia na mchanga magotini akasema, “Mama, nimeshinda mapambano mawili.” Nilimwambia hongera. Nilijua ni jambo la furaha, lakini sauti ilinitoka kama ya mtu anayesoma tangazo. Alinitazama, akanivua aproni, akapika wali yeye mwenyewe.

Unakumbukwa na mkeo Chizuru, binti yako Minori, mama yako Fusae, kaka yako Yoshinobu, na Shiraki, ambaye ameomba jina lake liwekwe pamoja na ya ndugu.

Hatujui bado namna ya kukulilia. Kukukumbuka tunakukumbuka, na hatutaacha.