Kwa Mama Yetu Ardith Slone, Uliyetaka Usingizi Tu

Mwaka umetimia, Mama, tangu tulipokukuta umekata roho kwenye kiti chako cha dirishani, kahawa yako ikiwa bado vuguvugu. Watu walituambia mwaka ukipita moyo hutulia. Wetu haujatulia.

Uliendesha basi la shule la Caney Creek miaka mingi, ukimjua kila mtoto na kila mbwa aliyemsindikiza. "Kaa chini wewe, au nikushushe kwa bibi yako!" Siku basi lilipoteleza kwenye barafu, hakuna mtoto aliyeumia. Wewe ndiye uliyevunjika mgongo.

Vidonge vikali vya maumivu alivyokupa daktari vilikurudisha jikoni, kwenye maharage na mkate wako wa mahindi, ukarudi na kwenye kwaya. Hukuwahi kuzidisha hata kimoja. Kisha masharti ya kutoa dawa hizo yakabadilika. Daktari akakupunguzia, halafu akakukatia kabisa.

"Sina la kufanya, mama, ndiyo sheria mpya."

"Haya, mimi nimeelewa. Sasa ueleweshe na mgongo wangu."

Ulicheka ukitusimulia, lakini ulikuwa umeshikilia sinki usianguke.

Usingizi ukakupotea. Ndipo Nedra, rafiki yako wa kwaya, akakuletea vidonge alivyonunua kwa mtu fulani kwenye kituo cha mafuta. Vilifanana kabisa na vyako, rangi na maandishi. Ndani mlikuwa na fentanili, dawa ya kulevya inayoua kwa chembe tu. Kimoja kilitosha.

Wapo wanaokuita teja, Mama. Mwanao Tressa amegombana nao dukani, kanisani, hata kwenye misiba ya watu. Baba bado anaendesha gari hadi kliniki ya yule daktari, anakaa nje, anarudi bila kushuka.

Jumapili iliyopita Nedra alibisha hodi.

"Harlan, nilitaka alale tu. Alinililia kwenye simu."

"Haya, amelala," Baba akamjibu.

Hakumfungia mlango, wala hakumkaribisha. Walisimama hapo hapo wote wawili wakilia, chakula kikipoa mezani.

Kabla hajaondoka, Nedra aliomba jina lake liwemo kwenye tangazo hili la kumbukumbu yako. Tumebishana wiki nzima. Mwanao Boyd alikataa katakata. Mwishowe Baba akachukua kalamu, akaandika mwenyewe.

Unakumbukwa na mumeo Harlan. Wanao Tressa na Boyd. Mjukuu wako Emmaline. Watoto wote wa basi lako. Na Nedra Caudill.

Hutoki mioyoni mwetu, Mama.