Taa ya Chaja ya Kabanga

Jumatano, Rulenge

Nilijua tu. Hii chaja ya gari niliyonunua Kabanga, muuzaji akaapa kuwa ni orijino, leo imenikatikia mara nne nikiandika taarifa ya mihogo ya Bisibo njiani. Na pale dukani aliijaribu kwa simu tu, si kwa kompyuta. Nilipaswa kushtuka pale pale.

Tukipanda mlima, taa yake inawaka. Tukiteremka, inazimika. Nikaikandamiza kwa kidole, nikimtukana muuzaji kimoyomoyo.

Mteremko wa nne nikasikia upepo. Upepo mtupu, injini kimya.

“Mzee Deo, gari limezimika?”

“Nimelizima mwenyewe, bwana shamba. Kwenye mteremko mafuta ya nini?”

Dereva wetu huyu, mwaka wa sita sasa! Usukani umekuwa mgumu, breki nzito, lori linapanda kuja upande wetu, naye anatabasamu. Na mimi miaka yote hiyo nasinzia pembeni yake, nikimsifu kwamba anaendesha taratibu.

Chaja ni nzima.

Kesho ananirudisha Biharamulo. Nitaichomeka tena, hata kama kompyuta imejaa chaji. Nataka kuitazama ile taa.