Shangazi, Kamera Yako Bado Inaona

Mpendwa Shangazi,

Siku tulipogawana vitu vyako baada ya mazishi, pale Ndalu, sufuria na blanketi zilipata wenyewe haraka. Kamera yako ya filamu ikabaki mezani. Binamu akaiinua kuwaonyesha watu, ikamponyoka, ikaanguka sakafuni. Wazee wakasema basi apewe huyu wa Kitale, angalau yeye ulimfundisha. Nikaibeba na ile kamba yako ya mita mbili ya kupimia umbali wa mtu na lenzi, na filamu moja iliyokuwa imebaki.

Mama ana picha moja tu ya maana, ile uliyompiga siku ya harusi yake. Sasa macho yanamwishia, na alitaka nyingine ya kamera hiyo hiyo, aitundike kando ya ile kabla hajashindwa kuiona. Ya simu hataki. Anasema simu ikiibiwa na yeye ameibiwa. Lakini kama lenzi iliharibika, ningejua tu filamu ikishasafishwa, na filamu nyingine hapa Kitale sijaiona.

Nikakumbuka ulivyofanya kabla ya kila harusi kule Bungoma. Ulifungua mgongo wa kamera ikiwa tupu, ukabandika karatasi ya mandazi yenye mafuta pale filamu inapopita, ukaacha lenzi wazi. Kilichokuwa mbele ya lenzi kikatokea kwenye karatasi, kichwa chini. Mimi nilicheka, wewe ukasema, "Usiamini namba za lenzi bana. Amini macho."

Basi Jumapili, mgongo ukiniuma kwa kupakia mahindi kule Kwanza wiki nzima, nilitundika gunia mlangoni hapa Kibomet, nikabandika karatasi yenye mafuta kama wewe, nikavuta kamba kutoka kwenye lenzi hadi kwenye maandishi ya gunia, nikajifunika shuka kichwani. Jirani akauliza, "Ati gunia nayo inatafuta picha ya passport?"

Nikaweka lenzi kwenye mita mbili. Maandishi yakawa ukungu. Nilivunjika moyo, Shangazi. Nikaizungusha polepole, yakaja safi, kila herufi. Nikafuta vumbi pale lenzi iliposimama, nikaona nukta ya rangi ya kucha, nyekundu, imefifia. Alama yako. Kumbe namba ilidanganya tangu zamani, na wewe ulijua. Kule kuanguka hakukuharibu kitu.

Asante. Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo watu hunipa vitu vya kubeba. Wewe ulinipa cha kutazama.

Nikatia filamu, nikaenda nyumbani kwa Mama. Mama alikaa mlangoni na leso mpya. Picha nilipiga, na filamu bado haijasafishwa, lakini sina wasiwasi. Nilipompa ncha ya kamba, kabla sijasema neno, aliiweka katikati ya macho yake, akatulia.

"Wifi alitaka hapa," akasema. "Haya, piga."

Pumzika, Shangazi.

Mimi, mtoto wa kaka yako