Bokoboko la Wageni wa Washwood Heath

Handsworth, Birmingham
Mwezi wa Septemba

Kwa mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Nakushika miguu, mama, na nataraji barua hii itakukuta umekaa kitako barazani na goti limetulia, si kama hali uliyokuwa nayo Ramadhani hata ukasali umekaa. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila baridi imeanza kutuchungulia. Azizi anakusalimu sana. Mize, atakayekupa barua hii, anakuja Wete kwa likizo, na nimempa pia koti la sufu. Najua utalicheka. Lipokee tu.

Utajiuliza kwa nini nimeandika na simu ipo. Sababu ni wewe. Kila nikianza kukueleza habari ya timu ya mume wangu unaniambia mtandao mbaya, kisha nakusikia umemgeukia jirani unaendelea na umbea wala huo mtandao haukusumbui. Basi safari hii nimekuwekea kwenye karatasi. Ukichoka ikunje, lakini utairudia, maana nakujua, huwezi kulala na habari nusu.

Azizi aliacha kazi ya kubeba maboksi ghalani. Sasa ni mtunza uwanja wa Nyundo, timu ya besiboli ya kulipwa iliyoko Washwood Heath, kwenye ardhi ya kiwanda cha zamani cha magari. Besiboli ni hivi. Mtu mmoja anasimama juu ya kichuguu anavurumisha kipira kigumu. Mwengine anamkabili na gongo. Akikipiga, anatupa gongo na kukimbia kuzunguka vituo vilivyowekwa chini vimito vyeupe, kama mito midogo ya kulalia, mpaka arudi palepale alipoanzia. Kurudi alipoanzia ndiko kufunga. Nilimuuliza Azizi kwa nini asibaki hapo tangu mwanzo, akaninunia mpaka Isha.

Lakini kazi hii, mama, imemrudishia uso wake. Alipokuwa ghalani alikuwa akirudi, anakula, analala, ukimwuliza siku imekwendaje anasema imekwenda. Sasa anarudi na udongo mwekundu kwenye kucha na kunieleza majani yameota upande gani. Siku moja alinitolea unyasi mfukoni ili nione ulivyonenepa. Nimeishi naye miaka yote hii, sikujua kama anaweza kupiga mluzi.

Ndiyo maana nilikosa raha mwezi wa Mei. Nyundo walikuwa wamefungwa kila mechi, na mwenye timu, tajiri mmoja asiyejua hata majina ya wachezaji wake, akatangaza kuwa wakimaliza msimu mkiani ataivunja timu na uwanja ataujenga maghala. Maghala, mama. Azizi angerudi kubeba maboksi juu ya nyasi zake mwenyewe.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeshapata kazi jikoni kwa timu, pamoja na Rosine, mwanamke wa Bukavu mwenye maneno mengi na moyo mzuri. Siku yangu ya kwanza wakaja wageni, timu ya kucheza na yetu, waliokuwa barabarani tangu asubuhi. Nikaambiwa wao ni maji na pakiti ya krispi, chakula ni cha wenyeji. Niliona aibu kana kwamba wewe umesimama nyuma yangu. Nyumbani kwetu hata aliyekuja kugombana haulizwi shida yake kabla hajala, sasa huyu mgeni wa watu utamwitaje uwanjani na tumbo tupu? Nikamfuata kocha, Gurmit, Singasinga wa hapahapa Handsworth, nikamwambia hayo yote kwa Kiingereza changu cha kubabaisha. Naye amekulia kwenye hekalu lao ambako kila anayeingia analishwa bila kuulizwa ni nani. Akaniruhusu nipike.

Mechi iliyofuata nikapika bokoboko. Ngano niliipata Soho Road, nyama ya mbuzi nilichagua mwenyewe, na nilisonga mpaka mkono ukafa ganzi. Juu nikamwagia samli kama unavyomwaga wewe siku ya Idi. Wageni walilitazama kwanza kwa wasiwasi, wakaonja, kisha nikawa nasikia vijiko tu. Wachezaji wetu nikawazuia mlangoni, maana mwenyeji hatii mkono kabla mgeni hajanawa. Mgeni wa mwisho alipolamba kijiko, mwamuzi alikuwa ameshaita watu uwanjani. Nyundo waliingia na njaa na hasira juu.

Ungeona mambo, mama. Mgeni mmoja aliegemea uzio, kipira kikampita ubavuni akakitazama kama anayemwona paka wa jirani. Mwengine alifika kwenye kimito cha pili akakikalia. Wetu nao walikimbia kama watu wanaojua chakula chao kinapoa, na kweli kilikuwa kinapoa. Nyundo wakashinda kwa mara ya kwanza. Gurmit akasema ni mazoezi yake mapya ya kupanda ngazi. Azizi akasema ni nyasi. Mimi wakati huo sikujua kitu.

Ikawa hivyo kila wakicheza nyumbani. Wakienda ugenini walipigwa kama kawaida yao, wakirudi kwetu wanashinda. Aliyegundua ni Rosine. Siku hiyo alikuwa anafuta vyombo dirishani, akaniita.

"Dada, ona batu beko nasinzia," akasema. "Si mupira unabashinda. Ni sufuria yako."

Nikamwambia aache upuuzi, chakula cha ukarimu hakimdhuru mtu. Lakini nilitazama nje, nikaona alichokiona, wageni wanasinzia wamesimama.

Rosine hana kifua cha kuweka siri. Kabla ya mechi ya mwisho alimweleza Gurmit yote huku wanakunywa chai, akidhani anamchekesha. Gurmit hakucheka. Alikuja jikoni, akafunga mlango, akavuta kiti. Akanieleza kwamba mechi hiyo iko nyumbani, tukishinda tumeokoka mkiani, tukifungwa timu imekwisha. Akataka masufuria mawili badala ya moja, na samli nisiionee huruma. Na neno lisitoke nje ya mlango ule. Nikaitikia.

Sasa, mama, nimefika pale ninapopazunguka tangu mwanzo wa barua. Gurmit hakunifundisha kitu. Tangu Rosine aniite pale dirishani nilikuwa nimeshajua, na mechi zilizofuata niliendelea kupakua. Nilikuwa nawaambia wageni karibuni, ongezeni, huku natabasamu, na moyoni nawaombea walemewe. Samli ile haikuwa ya ukarimu. Ungekuwepo ungeninyang'anya upawa mbele za watu, na ningestahili.

Siku ya mechi ya mwisho wageni waliingia wakiwa na furaha zao. Wao walikuwa katikati ya msimamo, hawana cha kupata wala cha kupoteza. Nahodha wao anaitwa Héritier, kijana wa wazazi wa Kikongo aliyezaliwa hukuhuku. Kiswahili anakisikia chote, ila anajibu kwa Kiingereza. Alinipa mkono kwa adabu na kuniita mama, nami nimeshika upawa. Dirisha lilikuwa wazi. Nje Azizi alikuwa anapiga mistari ya chokaa, ameinama, na ule mluzi wake. Nilimtazama mpaka roho ikaniuma. Nilijua nikifungua mdomo namrudisha ghalani kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikafungua.

"Mwanangu," nikamwambia, "chakula hiki kinalemea. Kimewaangusha wenzenu wote. Chezeni kwanza, nitawawekea, mtakikuta cha moto."

Rosine aliangusha sahani. Héritier akageuka kuwafasiria wenzake, wakaangua kicheko chumba kizima. Kisha akanieleza kwa Kiingereza chake kwamba timu zote zinajua tangu mwezi wa Juni, wanaandikiana kwenye simu, na vijana wake hawakula hata kifungua kinywa kwa ajili ya sufuria langu. Kwa kufungwa Washwood Heath, alisema, hakuna anayemlaumu mtu. Atakayelaumiwa ni atakayerudi bila kuonja. Akanyoosha sahani.

Ningefanyaje? Nikapakua, na safari hii nilipakua kwa moyo mweupe. Ila nilifungua mlango nikawaita na Nyundo, wakakaa meza moja na wageni, wakala pamoja. Gurmit alishika kilemba kwa mikono miwili akawasihi wachezaji wake waache vijiko. Walikuwa wamengoja bokoboko la moto msimu mzima, hawakumsikia. Hata mwamuzi alikula.

Sidhani kama mchezo huo umewahi kuchezwa polepole vile. Watu walikuwa wanatembea pale pa kukimbia. Anayerusha anarusha, anapumzika, anashika kiuno. Mpaka mwisho timu zilikuwa sawa, kisha mtu wetu mmoja mnene akakipiga kipira mbali na kuanza kuzunguka kwa mwendo wa kwenda sokoni. Wageni wawili walikitazama kipira, kila mmoja akimwachia mwenzake ainame. Mpaka mmoja alipoinama, mtu wetu alikuwa amefika alipoanzia. Nyundo wakaokoka, na mwenye timu alipigiwa makofi kana kwamba yeye ndiye aliyezunguka.

Tuliporudi, ndani ya basi Azizi hakupiga mluzi. Kila mtu alikuwa amemkumbatia siku ile, naye anatazama nje. Nikajua kuna kitu. Nikasubiri anigombeze.

"Nilikusikia pale dirishani," akasema.

Nikamwambia anisamehe, kwamba nilikuwa naichezea riziki yake.

"Mie nami nilikuwa najua. Nilikuwa nishaweka chokaa chini, naja kuwaambia wageni," akasema. "Nikasikia sauti yako, nikarudi kazini."

Nilimshika mkono mbele ya basi zima, mimi ambaye sijawahi.

Siku alipokuja kunioa ulisema mtu huyu hana kitu. Nilikuwa chumbani nimesikia, na sikukujibu, siku ile wala baadaye. Jibu lako ndilo hilo, nimemkabidhi Mize alilete.

Nisalimie wote nyumbani, mmoja mmoja, na majirani wasinune wakisikia hawakutajwa. Lile goti ulikande kwa mafuta ya nazi, usilifanyie ubishi. Nakuombea dua kila swala, nami niombee, pamoja na mkwe wako.

Ni mimi mwanao,
Maisara